Fundi Aliyeitika Kila Jumatatu

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wa kiwandani mliojipanga kule nyuma kana kwamba mnasubiri lango lifunguliwe, sogeeni karibu. Nafasi ipo.

Marehemu nilikutana naye mara ya kwanza Jumamosi, tarehe 14 Septemba 1991, saa nne asubuhi, kwenye kibanda changu cha vyuma na vifaa vilivyotumika, nyuma ya soko. Alikuja na sanduku la bati begani. Aliliweka mezani, akalifungua. Spana zilipangwa kwa ukubwa, kila moja ndani ya kitambaa chake, na kikopo cha mafuta kilikuwa kimefutwa hadi hakina tone upande wa nje. Nimenunua vitu vya watu maisha yangu yote, na sanduku la mtu hunieleza mengi kabla hajafungua mdomo. Lile lilinieleza kwamba mwenyewe ni fundi kwelikweli na kwamba hajui kuuza.

Nilimtajia bei ya aibu. Mtu mwingine angenitukana, halafu tungeanza mazungumzo. Yeye alisema, "Sawa. Ila usiliuze."

"Nisiliuze? Kaka, hapa ni dukani, si chumba cha kutunzia mizigo."

"Nitakuja kulichukua Jumatatu."

"Jumatatu hii ya keshokutwa?"

"Ile watakayoniita."

Wateja wawili waliokuwa wakichagua mabomba walicheka, nami nikacheka nao. Dada yangu, aliyekuwa akiuza upande wa misumari, hakucheka. Wiki ile kiwanda cha viatu kilikuwa kimesimamisha watu mia moja na ishirini, na huyu alikuwa fundi wao wa mashine.

Jina lake kamili lipo kwenye jalada la kijitabu cha mazishi, chini ya picha. Humu nitamwita Fundi, kama tulivyomwita wote. Mjane, ambaye ndiye huyo dada yangu, ameniagiza niandike mimi, kwa sharti moja: niandike yote. Kwa hiyo aliyekuja kusikia wasifu mtamu anivumilie.

Fundi alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa tatu kati ya sita. Baba yake alikuwa mshona magunia, na mama yake alifua mashuka ya hospitali. Akiwa na miaka minane alifungua cherehani ya baba yake yote, akaipanga sakafuni, akairudisha kabla mzee hajafika nyumbani. Skrubu moja ikabaki. Alitembea nayo mdomoni siku tatu akitafuta ilipotoka, na siku ya nne akakiri. Baba yake alimtazama, akasema, "Iache. Tangu ulipoigusa haipigi kelele."

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974, akafaulu, akaingia sekondari. Alitoka 1976 akiwa kidato cha pili. Mwaka huo gunia la plastiki lilikuwa limeingia sokoni, na baba yake alirudi nyumbani mchana na sindano zake zote ndani ya kopo. Mtoto aliyekuwa akilipiwa ada kwa magunia hakuwa na cha kulipiwa tena. Alijifunza kazi kwa fundi mmoja wa mashine za kusaga, na mwaka 1980 akafanya mtihani wa ufundi mitambo, daraja la pili, akawa wa kwanza katika kundi lake.

Kiwandani aliajiriwa Jumatatu, tarehe 3 Novemba 1980, siku walipoingizwa watu sitini kwa mpigo. Kiwanda kilikuwa na watu mia tatu na arobaini, zamu mbili, na harufu ya gundi ilifika hadi kituo cha mabasi. Biashara ya kiatu cha shule haina siri. Watu wakiwa nacho, kila mtoto ana kiatu chake kipya. Mambo yakibana, mdogo anavaa cha kaka yake na soli inabandikwa mara ya pili. Basi kiwanda kilivimba na kusinyaa. Kila kiliposinyaa, watu walitolewa asubuhi moja kabla ya chai. Kuwarudisha kulichukua miaka, na hawakurudi wote. Kutoka mia tatu na arobaini, safari ya kwanza ya kurudishana waliishia mia mbili na tisini. Ya pili, mia mbili na hamsini. Ya tatu, mia mbili na kumi na wanne. Kila mara mkurugenzi alipanda juu ya kreti akatangaza kwamba kiwanda kinaongeza ajira, na watu wakapiga makofi. Mara moja nilikuwepo. Nilipiga hesabu yangu pembeni nikaona aliyeongezwa hayupo.

Kilichowashika watu pale ni orodha. Wasiofahamu niwaeleze. Aliyesimamishwa hakuambiwa amefukuzwa. Aliambiwa akapumzike nyumbani, na jina lake likaandikwa kwa namba kwenye orodha ya kuitwa. Kila Jumatatu saa moja asubuhi karani alitoka langoni na ubao wake, akasoma majina, na kila mtu akaitika, "Nipo!" Ukikosa Jumatatu tatu, unapigwa mstari. Ukionekana umeajiriwa kwingine, unapigwa mstari. Kazi zikirudi, wanaanza kuita kutoka juu. Fundi, tangu orodha ya kwanza hadi ya mwisho, alikuwa namba kumi na saba. Mimi ninayelipa pango la ghala kwa kila mashine mbovu niliyo nayo, niliwavulia kofia mabwana wale. Waliweka watu akiba kwa miaka, wamefunikwa turubai, tayari kuwashwa siku yoyote, na pango wakaachiwa watu wenyewe walipe.

Hakukosa Jumatatu hata moja, ndiyo maana wengine mlimwita Jumatatu. Siku zilizobaki alitengeneza pampu, baiskeli, kengele ya shule, chochote ambacho karani asingekiita ajira.

Sanduku lake lilikaa kwangu miaka miwili na nusu. Mara nne nilipata mnunuzi, na mara nne mnunuzi alilikagua akaondoka. Jumatatu, tarehe 7 Machi 1994, Fundi alikuja anatweta kabla ya saa mbili: wamemwita. Nilimtajia bei mpya, akalipa bila neno, akafungua sanduku, akapitisha kidole.

"Spana namba kumi haipo," akasema.

Dada yangu akaitoa kwenye mfuko wa aproni. "Niliiondoa mimi. Sanduku lenye pengo halipati bei anayoitaka kaka, na kwa bei asiyoitaka kaka hauzi."

Siku ile ndipo nilipojua kwamba nyumbani kwetu kuna mfanyabiashara mwingine. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 22 Julai 1995. Kabla ya hapo nilimkalisha dada chini, nikamwuliza atakula nini zile Jumatatu ambazo mumewe ataitika na asiingizwe ndani. Akanijibu, "Nitakula ninachokula kwako sasa hivi, kaka. Misumari." Walipata watoto watatu, binti wawili na mvulana mmoja.

Niseme kidogo jinsi alivyofanya kazi, maana ndiyo iliyomponza. Mafundi wengine walitengeneza mashine ikafanya kazi, wakaondoka. Fundi aliirekebisha kwa mwili wa mtu, kama mshonaji anavyopunguza gauni. Mama Kushoto, uliyekaa hapa mbele, wewe unajua. Kiwandani walitaka kukuondoa kwa sababu ya mkono wako. Fundi akakesha siku mbili za mapumziko na cherehani yako, akahamisha mkono wa goti, kile chuma kinachosukumwa kwa goti, kuupeleka upande wa pili, na mwezi uliofuata ulishona ngozi nyingi kuliko mtu yeyote kwenye mstari wako. Kwa hiyo zile hazikuwa mashine za kiwanda kichwani mwake. Kila moja ilikuwa ya mtu.

Kiwanda kilisinyaa tena Novemba 1999. Wakati huo kibanda changu kilikuwa kimekuwa yadi. Nilimwita, nikamwonyesha karakana, nikampa ufunguo mkononi. Nilitaka awe mkuu wa pale. Haikuwa hisani, nilimhitaji. Alifikiri siku mbili akaurudisha ufunguo.

"Shemeji, nikija kwako wananipiga mstari."

"Wakupige! Mstari unauma?"

"Nikiondoka mimi, Mama Kushoto atakaa kwenye mashine ya nani?"

"Mama Kushoto ni mkeo?"

"Uliza dukani kwako kama kuna cherehani ya kushoto," akasema, "halafu unijibu."

Nilimwona mjinga. Juni 2003 aliitwa, na asubuhi yake ya kwanza alipita mbele ya yadi yangu na ovaroli iliyopigwa pasi, akagonga kengele ya baiskeli makusudi hadi nikatoka. Mwaka 2009 walisimamishwa mara ya tatu, 2011 wakarudishwa waliorudishwa. Oktoba 2014 walisimamishwa wote mia mbili na kumi na wanne. Waliambiwa ni miezi sita.

Februari 2016 chuo cha ufundi kilimtaka Fundi awe mwalimu wa mitambo. Ilikuwa ajira ya kudumu, yenye bima ya matibabu. Alikuwa na miaka hamsini na minne, na mtu wa umri huo haulizwi mara mbili. Walitaka jibu kabla ya Ijumaa. Jumatano, tarehe 17, alikuja ofisini kwangu, akakaa kwenye kiti cha wateja, kofia magotini.

"Shemeji, wewe unatembea, unasikia. Niambie kama mtu wa nyumbani. Kiwanda kinafunguliwa au hakifunguliwi?"

Ndani ya droo iliyogusa goti langu kulikuwa na mkataba nilioutia sahihi siku tisa kabla. Nilikuwa nimenunua mashine zote za kiwanda kile, tisini na sita, na nilikuwa na mnunuzi ng'ambo anazisubiri. Mkurugenzi alinipa masharti mawili. Kwanza, nisitamke neno hadi kontena la mwisho litoke, maana waliogopa watu wangekuja kulala langoni. Pili, zikishafunguliwa zikaharibika, hasara ni yangu. Na mtu pekee aliyeweza kuzifungua bila kuharibu hata moja alikuwa amekaa mbele yangu. Kama angeanza chuoni Machi, nani angenifungulia?

Nikasema, "Sijasikia lolote baya. Ningekuwa wewe, nisingeitupa namba yangu hivi hivi."

Akashusha pumzi. "Nilimwambia dada yako," akasema. "Nilimwambia shemeji hawezi kuniacha nipotee."

Alhamisi alikwenda chuoni akakataa kwa heshima, akawaachia jina la mwenzake aliyekuwa namba arobaini na mbili kwenye orodha. Mwenzake huyo anafundisha pale hadi leo.

Machi aliitwa. Aliitwa yeye na vibarua wanne, wakaambiwa mashine zinapelekwa kwenye matengenezo makubwa. Maneno hayo niliyatunga mimi. Kazi ilichukua wiki sita. Kabla ya kufungua mashine yoyote alikata kibati, akachora kwa msumari jina la mtu wake na vipimo vyake, akakifunga kwa waya, ili zikirudi kila mtu apate yake bila ugomvi. Mama Kushoto: goti upande wa pili. Bibi Miwani: taa ishushwe. Mrefu: meza inyanyuliwe vidole vinne. Nilimwona akivichora, nikapita. Nilijua pia kwamba mnunuzi akiviona ataamini mashine zilitunzwa. Aliviona, akaamini, hakubishana bei.

Kontena la mwisho lilipakiwa Ijumaa, tarehe 29 Aprili 2016. Karatasi ya safari ilikuwa imebandikwa mlangoni, na hakuna aliyefikiria kuificha, kwa sababu hakuna aliyefikiria kwamba fundi husoma karatasi.

"Shemeji, hapa pameandikwa jina la bandari."

"Ndiyo."

"Matengenezo ni ng'ambo?"

Niliitazama karatasi ile.

"Jumatano ile nilipokuja kwako, ulijua?"

"Nilijua."

Wapakiaji walisimama na kamba mikononi. Nilingojea ngumi, na miguu nilikuwa nimeshaiweka sawa. Fundi aliingia ndani ya kontena, akakaza kamba ya mashine ya mwisho, iliyokuwa imelegea, akatoka akijifuta mikono.

"Ungeiacha vile ingepasuka njiani," akasema, akaondoka.

Hakunitukana siku ile wala siku nyingine yoyote. Aliendelea kuniita shemeji, kwa sauti ile unayomwitia mtu uliyesahau jina lake. Nyumbani kwangu hakukanyaga tena.

Jumatatu iliyofuata mlikuja langoni kama kawaida. Karani hakutokea; aliacha ubao kwa mlinzi. Fundi aliuchukua, akapanda juu ya kreti, akawaambia kwamba kiwanda kimekwisha na mashine zimeuzwa. Aliwaambia yote isipokuwa jina la mnunuzi. Miaka saba mmekuwa mkimlaani mtu mkimdhania ametoka mbali. Alitoka nyuma ya soko. Ni mimi. Mara mbili mlinikuta kwenye misiba yenu, mkanipa kiti.

Kilichofuata mnakijua kuliko mimi. Orodha aliigeuza. Mtu akipata kazi, popote, alikuja Jumatatu kuitangaza, na Fundi akampiga mstari huku wengine wakishangilia. Niliwahi kusimama ng'ambo ya barabara nikasikiliza.

"Fundi, nipige mstari!"

"Umepata wapi?"

"Jikoni hotelini. Namenya viazi."

"Viazi mdogo harithi vya kaka yake kama viatu. Haya, mstari!"

Anayejua penye nafasi ya ulinzi alisema, anayejua panapotafutwa mfagiaji alisema. Lango lile sasa ni la ghala, na ndani yake kuna viatu vya shule vilivyotoka nje, maboksi kwa maboksi. Mlinzi aliwaruhusu msimame kivulini mradi msiegemee ukuta. Kwa njia hiyo watu mia moja na themanini na wawili walipata riziki nyingine, mmoja mmoja, kwa miaka saba. Walitolewa asubuhi moja. Yeye mwenyewe hakupata. Kila alipokwenda walimwuliza umri kwanza.

Mwaka 2018 nilimfuata pale pale langoni, nikamwomba tena aje kwenye karakana, kwa masharti atakayoyataja yeye. Mimi, ambaye sijawahi kumwachia mtu ataje masharti. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nimo kwenye orodha, shemeji," akasema, akaendelea kusoma majina.

Kikohozi kilianza mwishoni mwa 2019. Februari 2022 daktari alimpiga picha, akamwuliza kama amevuta sigara. Akajibu, "Gundi tu, daktari." Mapafu yalikuwa yamekauka. Matibabu yalihitaji bima, na bima ilikuwa chuoni, kwa namba arobaini na mbili, ambaye alikuja kumwona kila wiki na kulia kila alipotoka. Nilijitolea kulipa. Dada alikataa mlangoni, bila kunikaribisha ndani. Binti mkubwa, ambaye ni muuguzi, alimhudumia nyumbani, na Jumatatu alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi langoni. Miezi ya mwisho hakuweza kusoma majina kwa sauti. Mama Kushoto alisoma, yeye akashika kalamu. Alifariki nyumbani tarehe 9 Novemba 2023, saa tisa alasiri, akiwa na miaka sitini na miwili. Ilikuwa Alhamisi, siku ambayo haikuwahi kumaanisha chochote kwake. Dada amepanga mazishi leo Jumatatu kwa sababu, alisema, watu wake wamezoea.

Usiku wa msiba nilimwomba dada msamaha. Nilianza kueleza: mkataba, masharti, jinsi biashara ile ilivyokuwa imenikaba. Akanikata. "Hapa usianze kupunguza bei. Andika yote, usome mbele yao. Mimi nitasikiliza." Hakuahidi kitu baada ya kusikiliza, nami sikuthubutu kuuliza.

Fundi ameacha mjane, binti wawili, mwana mmoja ambaye ni fundi umeme, wajukuu wanne, ndugu watatu, na watu thelathini na mmoja ambao hadi leo asubuhi majina yao hayana mstari. Mama Kushoto ataendelea kusoma orodha kila Jumatatu, saa moja, pale pale.

Mjue basi nani aliondoka na nini. Kiwanda kilipata kufungwa bila kelele. Mnunuzi wa ng'ambo alipata mashine tisini na sita zenye majina ya watu asiowajua. Mimi nilipata yadi ya pili, na dada ambaye hunipokea akiwa amesimama mlangoni. Fundi alipata wiki sita za kazi, akazifanya vizuri. Nimeuliza kama namba kumi na saba ipigwe mstari kabla hatujafukia. Mjane amesema iachwe kama ilivyo, kwa kuwa hakupata.

Apumzike sasa, asisubiri tena kuitwa.